Flashi Hairudi Tupu

Joto la Mtwara nililizoea mapema kuliko nilivyotegemea. Kilichonishinda ni Jumapili mchana, nikishatoka kanisani, nikishakula, nikishaosha sufuria moja na sahani moja. Mimi ni mwanamke wa Njombe. Kwetu kuna baridi, na mtu akifunga mlango wake watu hudhani anaota moto, hakuna anayemuuliza. Huku pwani mlango uliofungwa mchana ni habari. Majirani walipoona wangu haufunguki walinihesabu katika watu wa ofisini wanaokuja na kuondoka, wakaniachia salamu za njiani tu. Siwalaumu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ya kwangu niliifunga mwenyewe.

Nilikuja kwa ajili ya kazi. Kampuni moja ya kuhifadhi na kusafirisha korosho ilitaka mtu wa kutunza kompyuta zake. Ofisi ilikuwa kwenye barabara ya kwenda bandarini, mahali ambapo msimu ukifika malori hupanga foleni na madereva hulala chini ya matrela kukimbia jua. Cheo changu kwenye barua kilikuwa ofisa TEHAMA. Wenzangu waliniita Dada wa Kompyuta, na walinikumbuka printa ilipokwama. Mitambo ikiwa mizima niliweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kusikia neno zaidi ya "habari za asubuhi". Nilikuwa na ulimi mkali pia, na hilo niliseme mapema, asije mtu akadhani nilionewa. Mtu akija kuniambia kompyuta yake imegoma tu yenyewe, nilimjibu kwamba kompyuta haina chama cha wafanyakazi. Mara ya kwanza walicheka.

Mtu mmoja hakuujali ulimi wangu. Alikuwa karani wa ghala letu la mbali kuliko yote, katika kijiji cha upande wa Kilambo, kule mto Ruvuma unakokaribia kuishia baharini. Alikuwa Mmakonde, mjane, mwenye umri wa kunizaa, na alivaa ushungi mweupe hata alipopanda lori la magunia. Kijijini kwake mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo hesabu za magunia alizichapa kwenye kompyuta ya ghalani, akazitia kwenye flashi, na kila Alhamisi akaja nazo mjini. Nilikuwa nimemtengea flashi mbili, nyekundu na nyeusi. Akija na nyekundu anaondoka na nyeusi, wiki inayofuata kinyume chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mbona umezidi kukonda?"

"Sijakonda mama, ni joto."

"Joto halikondeshi ntu. Ntu akila peke yake chakula hakimshiki."

Alikuwa akivua kandambili zake, anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya meza yangu, na anaanza kunipa habari. Nilizijua ndoa za kijiji ambacho sijawahi kukanyaga. Nilijua nani amehamisha mpaka wa shamba la mikorosho na nani amemwonea aibu kumwambia. Nilijua kwamba bintiye wa pekee ameolewa ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, na kwamba mkwe ni mtu mwema lakini hana masikio. Nilikuwa nachomeka flashi huku nikimsikiliza. Lori liliporudi kutoka bandarini alinyanyuka, akaniambia "haya, tuombeane uzima", akaenda. Mpaka Alhamisi nyingine sikuwa na mtu wa kuniambia nimekonda.

Naweza kusema nilikuwa mpweke, na ziara hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu, mara moja kwa wiki.

Sasa mnyoo, yaani kirusi cha kompyuta. Alhamisi moja nilichomeka flashi nyekundu, na programu ndogo niliyoiandika mwenyewe ya kuchota hesabu ikaniambia folda haipo. Programu hiyo nilikuwa naionea fahari. Ilikuwa inaingia kwenye flashi, inachukua folda ya hesabu peke yake, kisha inafuta flashi nzima ili iwe safi kwa safari nyingine, yote bila mimi kufungua chochote. Siku hiyo ilikwama. Nikafungua flashi kwa mkono, nikakuta kitu kimoja tu: picha ya folda yenye kishale kidogo kwenye kona.

Nilijua ninachokiona kabla sijabofya. Picha ile si folda, ni njia ya mkato, kibao cha kuelekeza tu. Ukiibofya inakufungulia vitu vyako kama kawaida, ndiyo maana watu hawashtuki, lakini palepale inakuwa imeuamsha mnyoo. Mnyoo unajinakili ndani ya kompyuta, unajiandikisha kwenye orodha ya vitu vinavyoamka kila kompyuta inapowashwa, halafu unatulia. Ukichomeka flashi nyingine, ya mtu yeyote, unahamia humo, unazificha folda zake zote na kusimika vibao vyake. Hauhitaji intaneti. Unachohitaji ni watu wanaoazimana flashi, na Mtwara nzima ilikuwa watu wa hivyo.

Ubaya wake mkubwa ni jinsi unavyowatia watu hofu. Mtu anafungua flashi anaiona tupu, anaamini kazi yake imefutika, anamkimbilia fundi wa mtaani, na fundi anaifomati kabisa. Hapo ndipo vitu vinapotea kweli. Lakini ukitazama nafasi iliyobaki kwenye flashi hiyo inayoitwa tupu, utakuta imejaa. Vitu vyote vimo ndani, ila havionekani.

Nilimwambia mama wa Kilambo kwamba flashi yake ina minyoo. Akaichukua, akaigeuza, akaitazama kwenye tundu.

"Imeipata wapi na wewe umeifunika na kifuniko?"

Sikujua. Siku hiyo nilisafisha kompyuta yangu na za wenzangu. Kazi yenyewe si ngumu ukiwa na subira: unaizuia kwanza programu ya mnyoo isiendelee kufanya kazi, unaitafuta ilikojificha unaifuta, unaiondoa kwenye ile orodha ya kuamka, ndipo unageukia flashi. Ukianza na flashi umejisumbua, maana ukiisafisha kwenye kompyuta yenye mnyoo inachafuka kabla hujaichomoa. Nilimaliza kabla ya saa ya kutoka, nikajisifu. Alhamisi iliyofuata flashi nyeusi ilikuja na mnyoo. Nyingine vilevile. Makarani wa maghala mengine nao walileta yao, na ofisini kwetu mambo yakaharibika, folda za kila mtu zikageuka vibao vyenye vishale.

Meneja wetu alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole mwaka mzima isipokuwa msimu wa korosho unapokaribia. Aliniita akanionyesha kompyuta yake.

"Dada, msimu ukifunguliwa na hawa wadudu wamo humu, tutapeleka bandarini hesabu za ndotoni. Wasafishe kabla ya hapo. Ukishindwa naziba matundu yote ya flashi."

"Na hesabu za Kilambo zitakujaje?"

"Atapewa simu. Kuna sehemu mtandao unashika, atasimama hapo atatuma. Kuna haja gani mama wa watu kupanda lori kila wiki?"

Alisema kwa wema, na alikuwa na haki. Nilirudi mezani kwangu nikaketi. Mnyoo ule ukiwa hai mpaka msimu, Alhamisi zangu zimekwisha. Sijawahi kuichukia programu ya kompyuta kama nilivyoichukia ile, na mtu ambaye hajaishi peke yake ataniona mwendawazimu.

Basi nikaacha kubahatisha. Flashi nyekundu ilipokuja tena, badala ya kutoa folda ya hesabu peke yake na kuifuta haraka niliamua kuipekua, nijue mnyoo unatoka wapi. Nilifungua lile dirisha jeusi ambalo wenzangu waliliogopa, nikaandika amri ya kuviondolea vitu vyote maficho. Vikajitokeza kimoja kimoja. Folda ya hesabu ikatokea. Chini yake ikatokea nyingine, imeandikwa kwa herufi kubwa: YA DADA WA KOMPYUTA.

Nilidhani ni hila ya mnyoo. Niliifungua kwa tahadhari zote ninazozijua. Ndani mlikuwa na kaswida za kina mama, taarabu za zamani, filamu moja ya Kikorea iliyotiwa maneno ya Kiswahili na mtu mwenye sauti ya kukwaruza, na picha iliyopigwa kwa simu, ya mabibo yaliyoiva kwenye ungo. Nilivaa spika za masikio nikasikiliza kaswida moja mpaka mwisho. Mimi ni Mlutheri, maneno mengine sikuyaelewa. Nilisikiliza ya pili.

Alhamisi iliyofuata nilimuuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Kwani mwanangu ulitaka nikurudishie tupu?"

"Lakini ni flashi, mama."

"Si chombo? Umenipa chombo chako, na mimi nakirudisha kimo kitu. Ntu mwenye adabu harudishi chombo kitupu."

"Tangu lini unaniwekea?"

"Tangu ulivyonipa ile ya kwanza."

Tangu ya kwanza. Niliitazama ile programu yangu ya kunyofoa na kufuta. Alhamisi zote zile alikuwa ananiletea, na ile mashine yangu safi ilikuwa inamwaga zawadi zake jaani kabla sijaziona. Kama si mnyoo kuikwamisha, nisingejua mpaka leo. Nilimuuliza mbona hakuwahi kuniuliza kama nilizipenda.

"Ntu haulizwi kama chakula kilikuwa kitamu," akasema. "Ukiuliza unataka sifa."

Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu sahani ya jirani hurudishwa imeoshwa vizuri, na kuosha vizuri ndiyo adabu yenyewe. Niliumia kwa namna ambayo sikuitarajia, kisha nikafurahi, kisha nikaumia tena, maana mtu wa kompyuta ndani yangu alikuwa tayari ameshafahamu. Nilimuuliza nyimbo anaziweka wapi.

"Kwa mpwa wangu, pale sokoni. Lori linasimama njini kupakua, mimi napita kwake ananitilia. Wote tunapita. Wa Nanyamba, wa Naliendele, wote. Hakuna anayekuja kwako mikono mitupu."

Niliaga ofisini mchana ule nikaenda naye. Mpwa wake alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo: meza, kompyuta moja kuukuu, na kibao kilichoandikwa kwa chaki kwamba flashi na kadi za simu zinajazwa hapa. Nikiwa nimesimama, watu walikuja mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alikuja na mtihani wake kwenye flashi hiyohiyo anayotaka itiwe singeli. Wakala wa forodha alikuja na nyaraka za mzigo. Bwana harusi mtarajiwa alikuja kutiliwa nyimbo za kupigwa harusini. Kila flashi iliingia kwenye tundu lilelile na kutoka na wimbo juu na mnyoo chini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa kilikuwa kwenye zawadi.

Mpwa alikuwa ananitazama kwa wasiwasi. Nadhani alitegemea nimkaripie, na kwa kweli maneno nilikuwa nayo. Lakini mama wa Kilambo alikuwa amesimama pembeni na flashi nyekundu mkononi, anasubiri zamu yake atiliwe changu. Nilimwomba mpwa aniachie kiti, nikamsafishia kompyuta yake bure, akaniletea juisi ya miwa.

Ila nilijua kusafisha mahali pamoja hakutoshi. Tulipokuwa shule ya msingi, vidonge vya minyoo tulimezeshwa siku moja, shule nzima, tumepanga mstari uwanjani kwenye umande, mwalimu anakagua mpaka chini ya ulimi. Mmoja akikwepa, anawarudishia wote. Nikaona ndivyo itakavyobidi. Nikamwandikia meneja: nataka flashi zote za kampuni na za watu binafsi, zikusanywe, zibaki kwangu mpaka nimalize kila kompyuta ya kila ghala na kibanda cha sokoni. Katika kipindi hicho asiwepo mtu wa kuchomeka chochote popote. Meneja akauliza hesabu za maghala zitafikaje kwa wiki hiyo. Nikaandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba kwa muda tu makarani watumie simu.

Wiki hiyo nilikuwa mtu maarufu. Walikuja mezani kwangu watu ambao sikuwahi kuwajua sura. Mhasibu alileta flashi yenye mahubiri, mlinzi alileta moja yenye mieleka, na meneja mwenyewe alinikabidhi yake akiniomba nisiangalie ndani. Sikuangalia. Niliziosha zote kwa mpangilio, nikiua mnyoo kwanza kwenye kompyuta, nikifuta vibao, nikivitoa vitu mafichoni. Dereva wa lori alinizungusha maghalani, nikafika hadi Nanyamba. Kwenda Kilambo ilikuwa zamu ya fundi wa kukodi aliyenisaidia wiki hiyo tu, kwa hiyo sikufika kijiji cha mama. Watu walipopata mafaili waliyodhani yamepotea walinishika mkono wakanishukuru, na mmoja alitokwa na machozi kwa picha za marehemu babake. Kwa mara ya kwanza niliitwa chai ya saa nne.

Mnyoo ukafa. Nilisubiri, nikapima, nikapima tena. Flashi ziliingia na kutoka bila kishale hata kimoja. Nikaenda kwa meneja na habari njema, nikamwambia sasa makarani wanaweza kurudi kwenye utaratibu wa zamani.

Alikuwa na karatasi mbele yake, hesabu za Kilambo zilizotumwa kwa simu.

"Kumbe inawezekana," akasema. "Tazama, zimefika mapema kuliko siku zote. Yule mama alisimama kwenye kichuguu nyuma ya ghala, mtandao ukashika. Hongera dada. Umetuondolea mnyoo na umetuondolea safari."

Nilimwambia mtandao wa kule hautabiriki. Akasema tutaona. Nilimwambia mama hajazoea simu kubwa. Akasema ametuma vizuri kuliko wote. Nilitaka kumwambia ukweli, lakini ukweli wenyewe haukuwa na mahali pa kuandikwa kwenye ripoti yoyote. Niseme nini, kwamba nitakosa mtu wa kuniambia nimekonda? Nilitoka. Wiki hiyohiyo matundu ya flashi yakazibwa, na niliyeyaziba ni mimi, maana hakukuwa na mwingine anayejua.

Mama wa Kilambo alikuja mara moja zaidi. Nilikuwa sijamtegemea. Aliingia na ushungi wake, akavua kandambili, akaweka juu ya meza flashi nyekundu na nyeusi, zote nilizomrudishia kwa dereva baada ya kuziosha.

"Mali yako hiyo," akasema. "Tupu zote mbili, kama mlivyotaka. Nimeona haya njia nzima."

"Mama, haikuwa lazima."

"Ni lazima. Sasa hii si ya kompyuta." Akafungua mkoba wa ukindu akatoa bakuli la bati lenye maua mekundu, limefungwa kwa kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba ya porini ambayo watu wa Mtwara huimenya kwa meno, na chumvi yake pembeni kwenye karatasi. "Hii hata ikiwa na minyoo ni ya tumbo lako mwenyewe."

Tulicheka. Alinifundisha kumenya. Tulikula pale mezani, na wenzangu walipita wakitutazama. Lori lilipopiga honi alisema haya, tuombeane uzima. Bakuli likabaki kwangu.

Msimu ulifunguliwa, malori yakapanga foleni, hesabu zikaja kwa simu kila Alhamisi asubuhi, nambari tupu zimefuatana. Juu yake hapakuwa na mahali pa kuandika kitu kingine. Jioni ya siku ya kwanza nilizijibu: "Zimefika mama, asante." Jibu lilirudi kesho yake: "Amina." Baadaye hesabu zilianza kuja na sahihi ya mtu mwingine, nikaambiwa mama ameacha kazi, amesema simu inamchosha macho. Nilimpigia. Simu ilikuwa ya ghala, ikapokewa na karani mpya, sauti changamfu isiyojua lolote.

Bakuli nililiosha nikaliweka kabatini. Mara nyingi nilijiambia Jumamosi hii nitalipeleka, na mara nyingi nilipata sababu: mvua, barabara, kichwa. Sababu ya kweli ilikuwa nyepesi na ya kijinga. Chombo cha watu kikiwa kwako bado mna jambo. Ukikirudisha, mmemalizana.

Halafu dada yangu akanitumia sanduku la parachichi kwa basi kutoka Njombe. Yalifika magumu, yakaanza kulainika yote kwa pamoja, na mimi ni mtu mmoja. Nikayachagua mazuri, nikayapanga kwenye bakuli mpaka yakapita ukingo, nikalifunga na kipande kilekile cha kanga. Nikamwomba dereva wa lori, akanipa nafasi mbele.

Kijiji nilikitambua kabla ya kushuka. Ghala lilikuwa upande aliosema, na kile kichuguu nyuma yake, na mikorosho ya yule aliyehamisha mpaka. Nyumba yake ilikuwa na mlango uliofungwa, kufuli kwa nje. Jirani yake, mwanamke aliyekuwa anamenya mihogo uani, akaniona nimesimama.

"Unantafuta mama? Amevuka. Yuko kwa bintiye ng'ambo, kajifungua."

"Atarudi lini?"

"Nani ajuaye? Akichoka na nkwe atarudi. Karibu ukae, dada. Umetoka njini?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nililikumbatia bakuli kama mjinga. Kisha nilimwambia jirani nimemletea mama matunda ya kwetu, na kwamba yataharibika, basi ale yeye na watu wake. Akashukuru sana. Akaingia nalo ndani. Nikasikia anayapanga, nikasikia maji, analiosha.

Hapo nikajua safari imekwisha. Bakuli limefika kwao, litawekwa mahali mpaka mwenyewe atakaporudi, kama atarudi, na mimi nitapanda lori mikono mitupu. Nikanyanyuka kuaga.

Jirani akatoka nalo. Lilikuwa limejaa karanga mbichi, zenye udongo bado, na kanga imefungwa vizuri juu yake. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Chombo chako hiki, dada. Utatuwia radhi, leo hatuna kikubwa."

Nilifungua mdomo nimwambie si changu. Sijui kama hakulijua bakuli la jirani yake wa miaka yote, au alilijua na akaniona uso wangu. Sikumuuliza. Nilisema asante, nikalipokea.

Karanga nilizichemsha Jumapili, mlango ukiwa wazi. Bakuli liko kabatini, na sasa nadaiwa na nyumba mbili upande wa Kilambo, moja ya mtu ninayempenda na nyingine ya mtu ambaye hata jina lake sikuuliza. Sina haraka ya kulipa. Ila nimeshaanza kufikiria nitalijaza nini.